Uani Kwetu: Kamelia ya Baridi na Mhina wa Jua



Juma hili tumepokea barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa Lamu, aliyeolewa Garissa miaka mitatu iliyopita. Anasema nyumba aliyohamia ina ua mpana, umezungushiwa ukuta mzuri, lakini ndani yake hamna hata jani moja la kupumzisha jicho. Ameona katika picha kichaka kiitwacho kamelia, majani yake mazito yang'aayo na maua yake kama mawaridi yaliyopangwa kwa mkono, na anauliza kama anaweza kukipanda uani kwake. Mwisho wa barua, kama mtu anayetaja jambo dogo, ameongeza kwamba Idi iliyopita binti wa wifi yake alipakwa hina nyeusi, viganja vikatoka malengelenge, na hadi leo michoro imebaki makovu. Mama mkwe amekata shauri: hina haitaingia tena nyumbani mle, na wifi mdogo anaolewa baada ya miezi miwili.

Dada yetu, umeuliza mawili ukidhani umeuliza moja. Tutaanza na la maua kwa kuwa ndilo ulilolitanguliza, ijapokuwa la pili ndilo zito.

Kamelia asili yake ni Asia ya Mashariki: Japani, China na Korea. Jina lake limetokana na Georg Joseph Kamel, mtawa na mtaalamu wa mimea wa karne ya 17 aliyefanya kazi zake Ufilipino, na aliyemkumbuka kwa kuupa mmea jina hilo ni Linnaeus wa Sweden. Wanawake wa Kijapani tangu zamani wamekamua mafuta ya mbegu zake wakajipaka nywele, kama bibi zetu walivyojipaka mafuta ya nazi. Lakini usidhani ni mgeni kabisa katika nyumba yako. Majani ya chai ni ya kamelia. Jina la kitaalamu la mchai ni Camellia sinensis. Kila alfajiri Garissa inapotia chunguni majani, sukari, iliki na maziwa ya ngamia, inachemsha binamu wa ua uliloliona pichani.

Sasa tazama mchai unakopandwa, ndipo utapata jibu lako. Chai ya kwanza nchini Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903, kisha ikaenea Kericho, Nandi, Kisii, Murang'a, Nyeri na Meru. Zote hizo ni nyanda za juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, zenye ukungu wa asubuhi, udongo mwekundu wenye asidi, na mvua isiyopungua milimita 1,200 kwa mwaka. Garissa iko kwenye mita 150 hivi. Mvua yake, mwaka wa neema, ni kiasi cha milimita 300 na kitu. Joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupita, na udongo wake mwingi una chumvi na chokaa. Kamelia ya maua ina sharti jingine juu ya hayo: hutunga vichomozi wakati wa joto, kisha huhitaji majira ya baridi ili vifunguke. Ukiuleta mche wake Garissa ndani ya chungu, majani yatageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kisha kingo zitaungua kama karatasi iliyokaribishwa motoni. Unaweza kuununulia udongo wa asidi, kuuwekea kivuli, kuunyunyizia maji asubuhi na jioni. Utakuwa umemlea mgonjwa, hukupanda bustani. Na maji ya Garissa, yanayofika mlangoni kwa mkokoteni wa punda, si ya kulelea mgonjwa wa anasa.

Basi kamelia iache Limuru. Uani kwako panda mhina.

Mhina, ambao wataalamu huuita Lawsonia inermis, una ukoo mmoja na mkomamanga. Ni kichaka cha mita mbili hadi sita usipoukata, matawi yake hujipinda, na ukishakomaa baadhi ya vijiti huchongoka kama miiba. Majani ni madogo, yamekabiliana mawili mawili. Maua yake meupe au ya rangi ya malai hutoka kwa mafungu, na harufu yake jioni hujaza ua mzima. Aliyezoea kulala karibu na msmini hatanung'unika. Humea wenyewe kandokando ya mito katika maeneo makavu ya Kenya, kwa hiyo mtu wa Tana hauletewi mgeni, anarudishiwa jirani. Wasomali huita hina cilaan, na si ya wanawake peke yao: simama penye soko la Garissa uhesabu wazee waliotia ndevu zao rangi ya machungwa, utajua ni nani anayenunua.

Jambo la kufurahisha ni kwamba lile jua linaloiua kamelia ndilo linaloipa hina rangi. Huko Uhindi hina inayosifiwa zaidi hutoka Sojat, katika jimbo kavu la Rajasthan, si katika mabonde yenye mvua nyingi. Mhina hustahimili ukame, joto kali na udongo usio na rutuba, hata wenye chumvi kiasi. Usichoweza ni baridi.

Kupanda kwa mbegu kunawezekana, ila kunataka subira. Mbegu ni ndogo kama mtama uliosagwa, ganda lake gumu, na hulowekwa siku kadhaa kwa maji yanayobadilishwa kila siku kabla ya kusiwa. Njia ya vijiti ni rahisi zaidi. Kata kijiti kilichokomaa, kinene kama kalamu ya risasi, urefu wa shibiri moja. Ondoa majani yote ila mawili matatu ya juu, kisha kizike thuluthi mbili ndani ya mfuko wa mche uliojazwa mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza. Weka mifuko kivulini, udongo usikauke wala usiwe tope, na baada ya majuma machache utaona machipukizi. Tia vijiti kumi ukitaka mihina sita, kwani vingine havitashika.

Wakati wa kuihamisha ardhini ni mwanzo wa mvua. Watu wa huko wana majina yao ya misimu ambayo wewe utakuwa umekwisha kuyazoea: Gu, mvua za takriban Aprili, na Deyr, za Oktoba hadi Desemba. Usihamishe wakati wa Jilaal, kiangazi kile cha Januari hadi Machi, hata kama mche unaonekana na nguvu. Chimba shimo la dhiraa moja kwa kina, changanya udongo na samadi, na ukitaka uzio panda kwa nafasi ya futi moja. Ukitaka vichaka mbalimbali acha mita moja na zaidi. Wanaokaa karibu na ukingo wa mto wachague sehemu iliyoinuka. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliwahamisha watu na nyumba zao, sembuse mche wa majuma sita.

Kisha maji. Hapa ndipo akina mama wengi wa Garissa husema bustani ni ya wenye visima, na mimi siafikiani nao. Hesabu pamoja nami. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitawadha mara tano kwa siku kwa birika la lita moja tu, humwaga lita 30. Ni mtungi mmoja na nusu wa lita 20, kila siku, umeshanunuliwa, umeshatumika, na unaishia mtaroni. Na lita moja si ubahili. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Maji ya udhu hayana sabuni, na hilo ndilo linaloyatofautisha na maji ya kufulia, kwa kuwa sabuni ya unga huongeza chumvi katika udongo ambao tayari una chumvi ya kutosha. Weka beseni pana mahali mnapotawadhia, au elekeza mfereji mdogo kwenye mashina. Mihina sita michanga itatosheka na kubakiza. Ikishapita mwaka mmoja na mizizi kuteremka, utaimwagilia mara moja au mbili kwa juma, na wakati wa mvua usiiguse.

Ipo hila nyingine ya kale, nzuri kwa wanaosafiri. Zika mtungi wa udongo usiopakwa rangi katikati ya miche, shingo yake ikitokeza juu, ujaze maji na uufunike ili mbu wasizae. Maji hupenya ukutani polepole na mizizi huyafuata. Wenye kutegemea visima vya huko ndani, kuelekea Dadaab na Wajir, wayaonje maji kwanza, maana visima vingine vya upande huo vina chumvi ambayo hata ngamia huitambua. Mche mchanga umwagiliwe maji matamu mpaka ushike.

Adui mkubwa hatakuwa jua wala mdudu, atakuwa mbuzi. Mbuzi wa Garissa hutembea mjini kama mwenye hati ya kiwanja, na lango likiachwa wazi kwa muda wa kuitika hodi, kazi ya miezi sita imekwisha. Zungushia miche matawi ya mgunga yenye miiba mpaka ifike kimo cha kifua.

Mavuno ya kwanza, machache, hupatikana baada ya mwaka hivi. Kichaka hutulia na kutoa kwa wingi kuanzia mwaka wa pili na wa tatu, na huendelea miaka ishirini na zaidi. Kata matawi kwa mkasi mkali, ukiacha shina la kutosha kuchipua. Yatandaze majani kivulini penye upepo, siyo juani, kwa sababu tunataka yakauke yakiwa kijani. Yaliyogeuka kahawia yamepoteza nguvu. Yatwange kwa kinu na mchi, chekecha kwa kitambaa chepesi mara mbili, mara tatu kama ni ya bibi arusi, na uyahifadhi katika chombo kikavu kisichopitisha hewa wala mwanga. Kukanda, tumia maji ya ndimu, ambazo mashamba ya ukingo wa Tana hayana uchache nazo, pamoja na sukari kidogo ili hina ishikamane na ngozi. Iache ikiwa imefunikwa. Kwa joto la Garissa saa mbili hadi nne zatosha, wakati Nairobi ingetaka usiku kucha. Ukiona uso wa hina umeanza kupiga wekundu, rangi imekwisha kutoka.

Hayo ndiyo ya bustani. Tuje kwenye mikono ya yule mtoto.

Dada yetu, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba kilichomuunguza mjukuu wake si hina. Jani la mhina lina rangi moja tu, wataalamu huiita losoni, kiasi cha asilimia moja hadi mbili ya jani kavu. Rangi hiyo huanza machungwa, na katika muda wa siku mbili hukolea kuwa nyekundu ya udongo au kahawia. Haiwi nyeusi tititi, na haikolei kwa nusu saa. Kile kinachopakwa kikawa cheusi papo hapo ni piko, yaani unga wa kutilia nywele rangi, au hina iliyochanganywa na unga huo. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilendiamini, kwa ufupi PPD. Imetengenezwa kwa ajili ya nywele, na hata huko kwa tahadhari: sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu izidi asilimia mbili katika rangi ya nywele inapotumika kichwani, na hairuhusu kabisa ipakwe kwenye ngozi. Mpakaji anayekoroga piko katika kibakuli hapimi asilimia. Anatazama weusi.

Madhara yake hayaji kwa kila mtu wala kila mara, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto anaweza kupakwa Idi ya kwanza asidhurike, huku mwili wake umeshajifunza kuichukia kemikali ile, na Idi ya pili viganja vikavimba na kutoa maji. Chuki hiyo ya mwili haiondoki. Kwa hiyo binti wa wifi yako, hata makovu yakififia, atakuwa na jambo la kukumbuka maisha yake yote: akija kutia nywele rangi nyeusi akiwa mtu mzima, uso na macho yake yanaweza kuvimba kwa namna ya kuhatarisha maisha. Mama yake amweleze mapema, na kila anapokwenda kwa daktari ataje tukio lile. Siku ya ajali yenyewe, kwa faida ya wasomaji wengine, dawa ya kwanza ni kuosha kwa maji mengi na sabuni laini, kutotumbua malengelenge, kutopaka dawa ya meno wala majani yoyote, na kwenda hospitali. Akivimba midomo au kupumua kwa shida, asingojewe asubuhi.

Nalo la kumeza lisemwe, kwa kuwa unga huo huachwa juu ya meza za kujipambia. Madaktari wa Khartoum waliandika katika miaka ya 1980 na 1990 juu ya watoto na watu wazima waliofikishwa kwao shingo zimevimba na figo zimekufa kwa sababu ya PPD. Kama piko imo nyumbani, ifungiwe mahali pa dawa.

Wapo wanaotia katika hina mafuta ya taa, petroli au kimiminika cha kupunguzia rangi ya kuta, ati ikolee. Sioni sababu ya kulijadili hilo kwa urefu: kisichofaa kutiwa machoni wala mdomoni hakina kazi juu ya ngozi ya bibi arusi kwa saa nane. Tone la mafuta ya karafuu, kwa kiasi, lilikuwa likiwatosha bibi zetu. Utaijua hina safi kwa unga wake wa kijani kilichofifia, harufu yake ya nyasi kavu, na subira inayoitaka. Koni za dukani zisizosema kilichomo, na zinazokaa miezi bila kuharibika nje ya jokofu, mimi singezinunua.

Hata hina safi ina mmoja wa kuepushwa nayo: mtoto mchanga. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na hali hiyo si adimu katika jamii zilizoishi karne nyingi na malaria, Pwani yetu ikiwamo. Kwa mtoto wa namna hiyo losoni hupenya ngozi na kuvunja chembe nyekundu za damu. Atageuka manjano, mkojo utakuwa mweusi, na hali hubadilika kwa saa chache. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anao upungufu huo. Basi ile ada ya kumpaka kichanga nyayo siku ya akika au arubaini iachwe. Mama akitaka kusherehekea apake yake mwenyewe, na asimshike mtoto mpaka imekauka na kuoshwa.

Umetaja pia kwamba wifi mdogo ana wasiwasi wa udhu. Hina ikishaoshwa hubaki rangi tu, haina utando, kwa hiyo haizuii maji. Kinachozuia ni tope lenyewe likiwa bado limeganda, na vile vitu vya siku hizi vinavyobanduka kama ganda la kitunguu. Utaratibu wa wakongwe wetu ulikuwa mwepesi: kupaka baada ya Isha, kufunga mikono kwa kitambaa, na kubandua kabla ya Alfajiri. Saa nane au tisa hizo ndizo hasa zinazoipa hina rangi yake.

Lililobaki ni hesabu ya miezi. Arusi iko baada ya miezi miwili, na vijiti utakavyopanda leo havitakuwa na jani la kuvuna kabla ya mwaka. Kwa arusi hiyo, tafuta nyumba yenye mhina mkubwa, uombe au ununue majani mabichi kiasi cha kujaza ungo mawili, na muyakaushe, muyatwange na kuyachekecha humo humo nyumbani, mama mkwe akiwapo. Akiyaona yakitoka tawini mpaka kibakulini, hatahitaji hotuba yangu. Jaribuni kwanza kwa kupaka doa dogo ndani ya mkono wa bibi arusi, siku tatu kabla. Na siku hiyo hiyo mtakapokwenda kuchuma majani, kata vijiti kumi vilivyokomaa, vifunge katika gunia bichi, uvifikishe kwako kabla jua halijapanda.